Neno Nililolikata Mwishoni mwa "Sijapaka Mafuta"

Wadogo zangu, nimesikia kwamba mnaniita mstaafu. Nina miaka ishirini na tisa, meno yote yapo, na shahada yangu bado inaning'inia sebuleni kwa mama. Lakini sawa, nakubali. Nilifanya kazi moja kwa miaka sita, nikaiacha, na sitairudia.

Barua yenu nimeipata, pamoja na ile flashi yenye wimbo wenu wa kwanza. Mmeniuliza, na naona mlikuwa mnacheka mlipoandika, ni nani aliyeandika kwa kalamu nyekundu juu ya swichi ya studio mnayoiendesha sasa: MKIA USIKATWE. MWISHO SEMA "NDANI". Ni mimi. Mnasema mlidhani ni maelekezo ya kufunga mlango. Nitawaeleza, ila mtanivumilia, maana mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka linachakaa. Siku ya mtihani wa mwisho chuoni nilirudi chumbani mara tatu kuangalia kama nimefunga bomba. Na mwandiko wangu leo ni mbaya, mnisamehe. Naandika polepole.

Kazi ya ufundi wa sauti nilifundishwa na Papa Zabuloni, mwenye ile studio ya vyumba viwili pale Ujiji. Alivuka ziwa kutoka Uvira akiwa kijana, gitaa amelifunga ndani ya godoro, na lile godoro ndilo la kwanza kupigiliwa ukutani kuzuia mwangwi. Yale mengine mnayoyaona alikuja kuyaokota mwenyewe. Alikuwa hanifundishi kwa maneno mengi. Wiki yangu ya kwanza alinionyesha kwamba kabla ya kurekodi lazima uzime friji ya nyumbani kwake, kwa sababu mlio wake unapenya ukuta. Nikazima. Tukarekodi vizuri. Nikasahau kuwasha. Siku ya tatu aliniita jikoni, akafungua mlango wa friji, akanisimamisha mbele ya samaki wake, migebuka iliyokuwa humo, akaondoka. Aliporudi alisema, "Fundi anayesahau kuzima, namsamehe. Fundi anayesahau kuwasha, ananuka."

Ratiba pia mlishangaa kwamba haipo. Haikuwahi kuwepo. Papa alipanga kazi kwa mwezi wa angani. Nusu ya wanamuziki wetu walikuwa wanavua dagaa kwa taa, na mwezi ukiwa mkali dagaa hawaifuati taa, boti zinalala ufukweni Kibirizi, watu wanapata nafasi. Kwa hiyo mbalamwezi ilikuwa wiki yetu ya kurekodi, mchana, kati ya adhana ya adhuhuri na ya alasiri, mvua ikikubali. Siku za giza nilibaki peke yangu nikisafisha sauti. Hapo ndipo kichwa changu kilipata muda wa kunisumbua.

Karabai, bendi ya vijana watatu, walikuja katika mbalamwezi moja kama hiyo. Mmewasikia, lakini mmewasikia wakiwa wimbo mmoja tu, kwa hiyo niwaambie walikuwa nani. Zuhura alipiga gitaa na kuimba, mfupi, sauti kama ya mtu anayegombania ndoo kisimani. Gervasi, kijana wa Kalinzi, alipiga besi, na jibu lake kwa kila kitu lilikuwa "ego", yaani ndiyo, hata alipokuwa anakataa. Kwenye dramu alikaa Yasini, kaka yake Zuhura, mvuvi wa dagaa. Walipiga gitaa la kasi na kelele, vidole vitatu, sehemu tatu tu za shingo ya gitaa, huku maneno yakiwa ya kuchekesha. "Sijapaka Mafuta" ulikuwa wimbo wa msichana anayekutana ghafla na kijana anayempenda, naye ametoka kuoga ziwani, miguu imepauka kama ya kuku. Dakika mbili na sekunde kumi. Mimi niliupenda tangu mstari wa kwanza, kisha nikakaa siku nzima nikijiuliza kama kuna ubaya kuupenda.

Tatizo lilikuwa kliki. Mnajua kliki, ule mlio unaompigia mpiga dramu mwendo kwenye hedifoni. Yasini alikuwa haiwezi. Akifika kwenye kiitikio anakimbia.

"Fundi, hii saa yako imechelewa," akasema.

"Kompyuta haichelewi, Yasini."

"Basi imechoka. Ipe chai."

"Mwenzio anakupa mwendo, wewe unamwacha!" Zuhura akapiga kelele. "Hata kwenye ndoa utamwacha mke njiani."

"Ego," akasema Gervasi.

Tulirudia mara kumi na moja. Nikapata wazo, na nililiona ni wazo la akili sana. Nilijua kwamba kwenye boti Yasini ndiye mwitaji: wavu ukiwa unapandishwa, yeye huita "Haya, vuta!" na wenzake hujibu "Vuta!" wakivuta pamoja, na mwendo ule haukimbii hata kidogo kwa sababu ukikimbia wavu unainama na dagaa wanamwagika. Nikamwambia azime kliki, aite kama yuko kazini, mara nne, halafu aingie na dramu.

Alinitazama. "Hapa? Nchi kavu?"

"Ni mwendo tu."

Akaita. Zuhura na Gervasi wakajibu. Mara nne, na ikaingia dramu, na kwa mara ya kwanza wimbo ukasimama wima kama mtu. Nilikuwa nimeshika kichwa kwa furaha mlango ulipofunguliwa. Papa Zabuloni alikuwa amesimama na kisu cha jikoni na kitunguu nusu.

"Nani ameita wavu mu nyumba yangu?"

"Mimi, Papa," akasema Yasini. "Tunapima mwendo."

"Kuna wavu hapo chini?"

"Hakuna."

"Sasa watu watavuta nini?"

Gervasi alicheka peke yake, akaacha. Papa aliniambia mimi, si wao, kwamba kwenye boti kuna neno la kufunga. Wavu ukishaingia na samaki wakishamwagwa, mwitaji husema "Ndani!" na hapo ndipo kila mtu huachia kamba. Kabla ya neno hilo hakuna anayeachia, hata kiganja kikichanika, kwa sababu mmoja akiachia mapema atawavunja wenzake mikono. "Mwito hauitwi bure," akasema. "Lakini mmeshaita. Basi mkimaliza wimbo, ufunge. Sitaki kitu kibaki kinavutwa humu."

Tuliponasa tena, Yasini alifanya kama alivyoambiwa. Gitaa lilipokatika na tasa, zile sahani za shaba za dramu, zikiwa bado zinalia, alivuta pumzi. Alikuwa na pumzi ndefu ya puani kabla ya kusema lolote, hata kabla ya kuomba chumvi. Kisha akasema, "Ndani!" Hakutania.

Halafu nikawaomba wote wasimame bila kujitingisha, ninase ukimya. Hili nalo mlishike, litawasaidia. Kila chumba kina ukimya wake. Nasa sekunde thelathini za chumba kikiwa na watu walewale waliopiga, kwa sababu watu nao ni samani, wanabadilisha sauti ya chumba hata wakinyamaza. Ukija kuziba pengo, unaziba kwa ukimya huo. Ukitumia ukimya wa kompyuta, sikio la msikilizaji linaanguka shimoni.

Basi siku za giza zikaja, boti zikatoka, nikabaki na wimbo. Na lile neno likaanza kunikera. Nikawaza: mtangazaji wa redio atacheka. Nikawaza: wasikilizaji watadhani ni makosa yangu. Nikawaza: limekaa juu ya mlio wa tasa, linachafua. Nililikata pamoja na pumzi yake, nikabandika ukimya wa chumba mahali pake, sekunde nne, ukafifia vizuri mno. Diski ilikuwa imejaa, nikahifadhi juu ya nakala ile ya kwanza, ikafutika. Wadogo zangu, msihifadhi juu ya ile ya kwanza. Futeni picha, futeni nyimbo za watu wengine, futeni hata vyeti vyenu.

Yasini alikuja kuusikiliza kabla haujatoka. Alitulia mpaka mwisho.

"Neno halimo."

"Linachafua, Yasini."

"Papa amesikia?"

"Bado."

Akatazama mlango wa jikoni. "Basi tusimwambie," akasema, akacheka, na mimi nikacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Boti ya akina Yasini ilipinduliwa na upepo wa kusini kabla ya mbalamwezi iliyofuata. Walikuwa watano. Wanne walishika ubavu wa boti mpaka wakaokolewa. Mmoja wao alikuja msibani, akakaa karibu nami, na bila kuulizwa akasema kwamba wavu ulikuwa nusu ndani upepo ulipopiga, wakaachia wote isipokuwa mwitaji. "Tulimpigia kelele aachie kamba. Alitusikia, dada. Alikuwa anatutazama. Lakini alikaa kama mtu anayengoja kitu." Mwili haukupatikana.

Wimbo ukashika mji. Bodaboda waliupiga, saluni waliupiga, watoto wa mtaa wa Mwanga waliuimba wakienda shule. Mimi nilikuwa nikiusikia mahali nageuka. Niliwaza kwamba boti hupinduka kila mwaka na nyimbo hukatwa kila siku, na hakuna uhusiano. Niliwaza hivyo mara nyingi sana kwa mtu aliyekuwa na uhakika.

Kisha Zuhura akaja studio, saa nne asubuhi, hakukaa.

"Mama amekataa tuanue matanga," akasema. "Masheikh wametaka tumsalie kaka sala ya ghaibu, amekataa. Anasema mtu haanuliwi matanga akiwa bado kazini."

"Kazini wapi?"

"Anausikiliza wimbo kwenye simu. Mwishoni kabisa, pale pa kimya. Anasema Yasini anavuta." Alitoa simu yake, akaniwekea. "Sikiliza. Usitumie spika zako kubwa. Hapa."

Nikasikiliza. Gitaa likakatika, tasa zikafifia, ukimya wangu ukaingia. Na ndani yake, mbali, kwa mwendo uleule usiokimbia, kitu kilikuwa kinasugua: kamba iliyolowa ikipita juu ya mbao. Mara moja. Mara mbili. Nikafungua wimbo kwenye kompyuta, nikaukuza mstari wa sauti mpaka ukajaa kioo. Ulikuwa umenyooka, hauna kitu. Nilidhani ni kiti cha dramu. Nikaenda kukikalia, nikajitingisha kila namna. Kiti kinalia kama kifaranga. Si mlio ule.

"Mama anakwenda Kibirizi kila alasiri," Zuhura akasema. "Anaingia majini na simu, anamjibu. Wimbo ukifika mwisho anasema 'Vuta!' na anavuta. Juzi maji yalifika magotini. Jana kiunoni. Nikimshika ananiambia nisimlegeze. Fundi, kaka alisema lile neno. Nilimsikia, nilikuwa hapa. Mpigie mama mwisho wenyewe aachie."

"Nitautafuta," nikasema. Nilijua haupo.

Nilipekua kila mahali, hata flashi zilizovunjika. Kisha nikafanya jambo ambalo fundi mwenye mikono mizuri atashawishika kulifanya, ndiyo maana nawaambia. Katika mazungumzo ya siku ile, maiki ikiwa wazi, Yasini aliwahi kuniuliza, "Nasikika huko ndani?" Nikalichukua lile neno la mwisho. Nikalipandisha kidogo, nikalikaza, nikaondoa alama ya swali iliyokuwa kwenye sauti, nikalitia mwangwi wa chumba. Lilikaa mahali pake kama jino. Nikalipiga mara moja kwenye spika kubwa.

Papa Zabuloni alikuja mbio na mkono wenye unga. "Umemwamsha nani?"

"Ni yeye, Papa. Sauti ni yake."

Alisikiliza nilipolirudia. Akatikisa kichwa. "Sauti ni yake, mwanangu. Neno ni lako." Kisha akauliza, polepole, "La kwake liko wapi?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Alikaa juu ya kile kiti cha dramu na kutazama mikono yake, na nikatamani anisimamishe tena mbele ya friji.

Nilifika Kibirizi saa tisa alasiri, jua limewaka, nimebeba kispika kidogo cha betri. Wanawake walikuwa wakigeuza dagaa juu ya mchanga, lakini macho yote yalikuwa upande mmoja. Mama Yasini alikuwa majini mpaka juu ya kiuno, simu ameifunga kwa ncha ya khanga karibu na sikio. Zuhura alikuwa nyuma yake amemshika kiuno, analia. Ziwa lilikuwa shwari. Nilisikia wimbo ukiisha, miguu iliyopauka kama ya kuku, gitaa, tasa, kimya. Mama akasema "Vuta!" na mikono yake ikaenda nyuma, mmoja baada ya mwingine. Haikuwa kama mtu anayeigiza. Mabega yalikuwa yanakaza. Na kila alipovuta, badala ya kitu kumjia, ni yeye aliyesogea hatua moja kwenda mbele.

Nikawasha kispika, sauti yote. "Ndani!" akasema Yasini juu ya maji.

Mama akasimama. Akageuza kichwa tu, mikono ikabaki imekunja ngumi.

"Huyo hajavuta pumzi," akasema. "Mwanangu hasemi neno kabla ya kuvuta pumzi. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama." Na kwa hofu nikaongeza, katikati ya yote hayo, "Shikamoo."

"Marahaba. Neno lake liko wapi?"

"Nililikata."

"Umeliweka?"

"Nililitupa, mama."

Alinitazama bila hasira. Alikuwa amechoka. "Basi liseme wewe uliyelikata. Lakini uvute pumzi. Mikono inaniuma."

Nikaingia majini na viatu. Maji yalikuwa ya baridi kuliko yanavyostahili kuwa saa tisa. Nilivuta pumzi ya puani, ndefu, kama yake, nikahisi kwamba siivuti peke yangu, nikasema, "Ndani!"

Ngumi za mama zikafunguka. Mbele yake, juu ya maji yaliyotulia, mstari ulionyooka ukachoreka ghafla kuanzia mikononi kwake kwenda mbali ziwani, kama inapodondoka kamba iliyokuwa imekazwa, kisha ukapotea. Tukamtoa. Pale mchangani Zuhura alimgeuza viganja, na sisi wote tuliokuwepo tuliona: mfereji mwekundu umepita katikati, kiganja hiki na hiki, na ngozi imechanika. Mwanamke mmoja akavua ushungi wake akamfunga bila kuuliza.

Ijumaa walimsalia Yasini. Matanga yakaanuliwa. Wiki hiyo mama alinipigia simu kuniambia ameusikiliza wimbo. "Sasa ni kimya tu," akasema. "Umepoa. Watoto wanaweza kuucheza."

Hapo ningependa kuishia. Niliendelea na kazi mwaka mmoja zaidi. Lakini kila niliponasa ukimya wa chumba, wanamuziki wamesimama, mimi na hedifoni, nilisikia mtu akivuta pumzi kwa puani, ndefu, kisha anaishikilia. Niliwatazama waliokuwepo, hakuna kifua kilichopanda. Iliendelea kushikiliwa mpaka niseme neno kwa sauti ndogo, na hapo ikaachiwa. Nikazoea. Wanamuziki wakanizoea. Ila siku moja nilikuwa na mafua, koo limekauka, sikusema. Nikiwa nimekaa pale vidole vya mkono wangu wa kulia vikaanza kujikunja, kimoja kimoja, mpaka vikafunga ngumi juu ya kitu nisichokiona. Nilisema neno kwa kunong'ona, vikafunguka. Kesho yake nikaandika ukutani, nikamrudishia Papa ufunguo.

Sasa tufike kwenye wimbo wenu. Nimeusikiliza mara mbili. Mwanzoni mpiga dramu wenu ameita "Haya, vuta!" mara nne, najua mmefanya hivyo kwa heshima ya Karabai, na ni vizuri. Mkia wake, ule mwisho baada ya gitaa kukatika, umekatwa. Mmeukata kwa ustadi kuliko mimi, sikuona hata mshono, na mmeuziba kwa ukimya wa chumba kile kile.

Mmeniandikia kwamba huyo mpiga dramu anavua na boti za Ilagala, na kwamba mbalamwezi inakwisha kesho na boti zitatoka. Barua hii namkabidhi mwenyewe dereva wa bodaboda mkononi, na simu zenu nimepiga hazipatikani. Ikiwafikia, acheni chochote mnachofanya. Nendeni studio mchana huu huu, mkiwa wote, naye akiwepo. Vuteni pumzi, mfunge mwito wenu. Mkicheka si neno, mradi mseme.

Mwandiko wangu mnisamehe tena. Nimeandika barua yote kwa mkono wa kushoto. Tangu jana niliposikiliza wimbo wenu nimesema lile neno mpaka sauti imekauka, lakini huu wa kulia haufunguki. Si mwito wangu, ni wenu.